Fundo la Ukindu

Kijiti kilikuwa kimehama.

Sijaona alisimama kwenye tope, kanga ameikunja magotini, akakitazama kama mtu amtazamaye mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Jana magharibi alikichomeka mwenyewe kando ya kichuguu, akakifunga fundo la ukindu pale maji yalipogusa. Ndivyo walivyofanya wanawake wote wa madunguni, vile vibanda vya juu ya nguzo huko bondeni, kila masika: fundo magharibi, jicho alfajiri. Fundo likiwa juu ya maji, mto umepungua. Likizama vidole vinne, funga mizigo uende kilimani.

Alfajiri hii fundo lilikuwa limegusana na maji sawasawa, kama alivyoliacha. Lakini kichuguu hakikuwa kando yake tena. Kilikuwa kule mbele, hatua sita ndani ya maji, kimebaki kichwa tu, na siafu wamejazana juu yake weusi tii.

"Maji yamesimama, alhamdulillahi," Bi Zabibu, mama mkwe wake, alisema kutoka juu ya dungu.

Alikuwa ameketi mlangoni, mguu wake wa matende ameunyoosha kwenye ngazi, anawatupia kuku chenga za mchele. Alimweleza mkwewe kwamba alipoamka alikikuta kijiti kimelala ukingoni mwa maji. Bila shaka yule mbuzi wa kahawia alijikuna nacho akakiangusha. Basi amekisimamisha tena, pale pale alipokikuta. Alisema hivyo kwa furaha ndogo ya mtu aliyeshona palipochanika.

Sijaona alikitazama kichuguu tena.

Alikuwa ameolewa tangu mavuno yaliyopita. Mumewe, Kibwana, alikuwa Salale, pwani, na wakata mikoko, naye aliachiwa mama mkwe, mbuzi wanne, kuku na shamba la mpunga. Alikuwa mtu wa kujibu "naam" na kutazama chini. Na mara moja tu alipopaza sauti, ilimgharimu. Wakati wa kupanda aliona chatu amejikunja zizini, chini ya dungu. Alipiga mayowe hata wanaume wa madungu matatu wakaja mbio na mikuki. Walikuta kamba ya usumba ya Kibwana, imeloa mvua. Tangu siku ile bonde zima lilimwita Bi Kamba. Bi Zabibu peke yake hakucheka. Alisema tu, "Mwali, siku nyingine tazama mara mbili."

Basi alitazama mara mbili. Aliingia majini polepole mpaka kwenye kichuguu. Pale alipochuchumaa jana pakavu, akifunga ukindu, maji yalimfika mapajani, ya baridi, yakimsukuma kidogo kidogo kama mkono wa mtu asiye na haraka. Alirudi nchi kavu meno yakimgongana. Sasa ilibaki kusema. Lakini atasemaje? Amwambie mama wa mumewe kwamba alichokitengeneza amekiharibu?

Jua lilipopanda, Mfaume alipita na mtumbwi wake mkubwa. Ndani alikuwamo mkewe, watoto, tenga la kuku na debe la mbegu. Alikuwa rafiki wa Kibwana, mtu wa maneno mengi, na aliushika mti wa ukingoni ili mkondo usimpeleke.

"Bi Zabibu, mnaatamia nini huko juu? Twendeni kilimani, Mkongo."

"Kuku wangu ndiye anayeatamia. Mimi nalinda mpunga."

Mpunga ulikuwa umeanza kuchanua, akasema. Akiuacha siku mbili, ndege na viboko watafanya karamu. Mfaume alimjibu kwamba tarishi wa Boma alipita jana na habari mbaya kutoka juu ya mto, na jumbe amepiga ngoma watu watoke. Nafasi ipo, ya watu wawili na mbuzi wao.

"Tarishi ana karatasi yake," Bi Zabibu alisema. "Mimi nina kijiti. Kitazame kile pale. Maji hayajasogea tangu jana."

Mfaume alikitazama, akakuna shingo. Kijiti cha ukindu hakikuwa kitu cha kubishana nacho. Kisha akamgeukia Sijaona, macho yakimcheka.

"Na wewe, shemeji? Bi Kamba, leo huoni chatu?"

Watu mtumbwini wakacheka, hata mtoto mdogo aliyekuwa hajui anacheka nini. Sijaona alitazama vidole vya miguu yake.

"Sioni kitu," alisema.

Mtumbwi ukaachia mti, ukaenda. Aliusindikiza kwa macho mpaka tenga la kuku likawa doa, na doa likafichwa na matete. Hakukuwa na mtumbwi mwingine nyuma yake.

Adhuhuri mbuzi wa kahawia alianza kuhangaika. Alikwaruza ardhi, akalala, akainuka, akalia kwa sauti nzito. Zizini maji yalikuwa yameingia, utando mwembamba wenye samadi na manyoya. Waliwapandisha mbuzi wote juu ya dungu, mmoja mmoja, Sijaona akisukuma na Bi Zabibu akivuta pembe. Mtoto alizaliwa kwenye mkeka, jike, mweupe mwenye soksi nyeusi. Bi Zabibu alimfuta pua kwa ncha ya kaniki, akampulizia puani, akamweka kwenye chuchu.

Sijaona alichungulia chini. Kupitia nafasi za fito za sakafu aliona maji yakipita chini yao, kahawia, yana povu. Kipande cha paa la nyumba ya mtu kilipita, bado kina makuti.

Bi Zabibu alikaza macho kukitazama kijiti. "Vidole viwili," alisema. "Mvua ya jana hiyo. Vikifika vinne, kesho asubuhi tutaondoka."

Kesho. Sijaona alitazama nguzo za dungu, kisha mtumbwi wao mdogo uliofungwa kwenye ngazi, wenye ufa uliozibwa kwa sufi na udongo. Ikawa kama yuko tena zizini siku ile, wanaume wamesimama na mikuki yao wanamwangalia.

"Mama," alisema. Sauti ilitoka ndogo kama ya kifaranga. "Kijiti hakikuwa pale."

"Kilikuwa wapi?"

"Jana nilikichomeka kando ya kichuguu."

Bi Zabibu aligeuza kichwa kukitafuta kichuguu. Hakukuwa na kichuguu. Palikuwa na maji tu, na juu yake fungu la siafu walioshikana likielea, likizungushwa na mkondo.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu alfajiri."

"Mfaume alipopita, ulijua?"

Sijaona aliitikia kwa kichwa. Aliinama akingoja neno, au kofi. Alisikia mtoto wa mbuzi akinyonya. Alisikia nguzo moja ikilia chini.

"Mlete yule kuku," Bi Zabibu alisema, "pamoja na chungu chake. Usimtoe kwenye mayai."

Walishusha mtumbwini mbuzi mama na mtoto wake, kisha majike wawili wamefungwa miguu, na kuku ndani ya chungu amevimba kwa hasira. Kuku waliobaki walipanda paani wenyewe. Beberu hakuenea. Sijaona alimkatia mpunga, yale masuke machanga, akamwekea mbele ya mkeka. Beberu alianza kula bila kuwatazama. Bi Zabibu aliubeba mguu wake kwa mikono miwili, akauingiza mtumbwini kama mzigo mwingine, akashika kafi. Alimwelekeza Sijaona akae mbele na pondo.

Ufa ulianza kutoa maji kabla hawajapita mstari wa mwisho wa mpunga.

"Macho yangu yana ukungu siku hizi," Bi Zabibu alisema nyuma yake. "Wewe ndiye unayeona. Ukiona kitu, sema." Kafi liliingia majini, likatoka. "Hata ikiwa kamba."

Sijaona alikumbatia chungu kwa magoti. Ndani, chini ya joto la kuku, kitu kiligonga ganda, kikanyamaza, kikagonga tena. Kilima cha Mkongo kilikuwa mbali, cha buluu, chembamba kama ukoka. Na kabla ya kilima, kati ya matete yaliyoinama, kitu kirefu cheusi kilikuwa kimelala juu ya maji. Huenda gogo, huenda mamba. Lakini maji yote yalikuwa yakienda, nacho hakiendi.

Alikitazama mara moja tu.

"Mama," alisema, kwa sauti iliyofika mwisho wa mtumbwi. "Mbele yetu. Mkono wa kushoto."

Kafi lilisimama hewani, likidondosha maji.