Kigugumizi cha Kuazima

Msusi alikuwa na saluni ya viti viwili na mdomo wa watu kumi. Mtaa mzima ulimwita Redio, naye hakukasirika. Aliliandika jina hilo juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Mteja akishakaa kitini alikuwa na uhakika wa mambo mawili: nywele zitatoka safi, na kabla hazijatoka atakuwa amesikia sauti za majirani wote, kuanzia mwenye nyumba anayedai kodi kwa kukohoa, hadi mama mkwe wa fulani anayesalimia watu kama anafukuza kuku.

Kwa hiyo Mwalimu mstaafu alipoanzisha vikao vya Mimi Ni Wewe katika ukumbi wa mtaa, kila mtu alijua nani atang'ara. Utaratibu ulikuwa rahisi. Unapewa mwenzako kwa kura, mnasimuliana jambo la kweli lililowahi kuwatokea, halafu Jumapili alasiri unapanda jukwaani na kusimulia la mwenzako kana kwamba ni lako. Unasema "mimi". Mwenye kisa hatajwi. Anakaa kitini kama wengine na kuyasikiliza maisha yake yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Sharti la Mwalimu lilikuwa moja, na alilirudia mpaka likachosha: "Mvae mwenzako mzima. Usimpunguze, usimwongeze."

Kikao kilichopita Redio alimvaa muuza mkaa, watu wakacheka mpaka muuza mkaa mwenyewe akaomba arudie. Tangu siku hiyo alitembea akijua kwamba kile walichokiita umbeya kilikuwa kipaji.

Safari hii kura ilimwangukia fundi kufuli, yule waliyemwita Mzee Kimya.

"Mwalimu, jamani," Redio alilalamika mbele za watu, "mbona mmenipa ukuta?"

Mzee Kimya alikuwa na kibanda karibu na kituo cha pikipiki. Alichonga funguo na kufungua milango iliyowagomea wenyewe. Bei alikuonyesha kwa vidole, na ukimsalimia alitikisa kichwa. Wengi walisema anaringa. Redio alikuwa mmoja wao, na vile vidole alikuwa ameshaviiga zamani.

Alipokwenda kibandani siku ya kwanza, mzee alisimama, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuinua gunia, akasema, "K-k-k-karibu, d-dada."

Kumbe. Si maringo. Redio aliona haya kidogo, ila haya yenyewe haikukaa. Ilipita kama mteja aliyekosea mlango.

Kisha mzee akawasha mashine yake ya kuchongea funguo. Ikaanza kunguruma, akabana ndani yake ufunguo mkuukuu usio na kazi, na hapo hapo maneno yakafunguka. Aliongea moja kwa moja, kwa sauti nene, bila kukwama hata mara moja.

"Usishangae. Nisipoisikia sauti yangu, naongea vizuri tu. Mashine ikizimwa, nami nazimwa."

Akamsimulia. Mke wake alikuwa amefariki, kwa hiyo siku ya harusi ya binti yao wa pekee ni yeye aliyetakiwa kusimama na kusema neno la mzazi. Alilitunga mwenyewe, akalifanyia mazoezi humu humu kibandani, mashine ikiwaka, mpaka likalainika. Harusini akapewa kipaza sauti. Akasimama. Akamtazama binti, akamtazama mkwe, neno la kwanza likakwama kooni na halikutoka. Mshereheshaji akakichukua kipaza sauti, akapaza sauti, "Mzee amezidiwa na furaha!" Muziki ukapigwa. Yeye akakaa.

"Binti alikuwa anajua una kigugumizi?"

"Anajua. Lakini nyumbani huwa nafika. Nachelewa, ila nafika. Siku ile hakusikia hata herufi. Na mimi mwanzoni yule kijana nilimpinga, ni kweli. Basi akaamini nimekataa kuwabariki mbele ya watu."

Tangu hapo binti alikuja kwa baba yake kama mgeni. Alipiga hodi na kusubiri nje hadi afunguliwe. Alikaa ukingoni mwa kiti. Mtoto alipozaliwa alimleta, akamruhusu babu ambebe, akamchukua, akaaga.

"Si ungemwambia tu?"

"Nimwambieje?" Mzee aliigonga mashine kwa kiganja. "Niende nayo kwake, niombe umeme?"

Wakacheka wote wawili. Kisha Redio akauliza maneno yenyewe yalikuwaje, na mzee akayasema huku akiutazama ule ufunguo mkuukuu.

"Mwanangu, nimebadilisha kufuli za mtaa mzima, ila ya kwetu sitaibadilisha. Ufunguo wako wa utotoni utaufungua mlango huu siku zote. Usije ukapiga hodi."

Redio aliyarudia kimoyomoyo mara mbili, asije akayapoteza.

"Hayo ndiyo nataka yafike," mzee alisema. "Mengine yote ni njia tu. Nimemwomba binti aje, amekubali. Atakuja na mtoto."

"Yatafika, mzee wangu. Ukimwona Redio, ujue na matangazo yapo."

Na yeye akampa mzee kisa chake: siku mwanamke aliyemchukulia mume alipoingia saluni kusukwa, bila kujua yuko mikononi mwa nani. Redio alimsuka kutwa nzima huku akisikiliza jinsi bwana yule alivyo mpole. Alipomaliza na kumuaga, alikwenda nyuma, akaingiza kichwa kwenye sinki la kuoshea nywele, akafungua maji mpaka mwisho, akalia humo ili wateja wasisikie. "Hapo kwenye sinki uwakazie hasa," alimwambia mzee akicheka. "Watavunjika mbavu."

Mzee hakucheka. Alimtazama tu, akazima mashine.

Kosa lilianzia kwenye kioo cha saluni. Redio alikuwa akijifanyia mazoezi huku anasuka, na kwa mzaha tu akaanza: "M-m-mimi ni f-f-fundi k-k-k-kufuli." Wateja wakaanguka. Mmoja alicheka mpaka mstari wa katikati ukapinda, ikabidi aanzwe upya. Redio akarudia, akaongeza jicho la mzee linalofumba, na mguu wake unaopiga chini neno linapogoma. Na akajipa sababu, maana sababu hazikumpungukia kamwe. Si Mwalimu alisema mvae mzima? Ukimtoa kigugumizi, anabaki fundi gani? Kumbe sharti lenyewe linataka. Mbele ya mzee, hata hivyo, alisimulia kwa sauti ya kawaida, na mzee akaridhika. Lile la kioo aliliweka kiporo cha Jumapili.

Jumapili ukumbi ulijaa, wengine wamesimama dirishani. Mzee Kimya alikaa safu ya nyuma, shati limepigwa pasi. Safu ya tatu alikaa mwanamke kijana na mtoto mchanga amelala begani. Redio hakuhitaji kuambiwa. Paji la uso lilikuwa la mzee lile lile.

Alipanda, akasimama, akavuta pumzi ya gunia.

"M-m-m-mimi..."

Kicheko cha kwanza kilitoka safu ya tatu. Ni binti mwenyewe aliyeanza, kabla hajajua anacheka nini. Wengine wakamfuata. Redio alikisikia kikipanda kutoka miguuni mpaka kichwani, na kuanzia hapo hakuwa tena anasimulia, alikuwa anavuna. Alipofika kwenye "k-k-k-kufuli" alilikokota neno kiasi kwamba vijana wa dirishani walianza kumhesabia kwa kupiga makofi. Binti alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Redio alidhani anajizuia kucheka. Mtoto aliamka, akalia, na kilio chake kikapotelea humo humo.

Akafika harusini. Akaziba koo, akatoa macho, kisha akageuka mshereheshaji: "Mzee amezidiwa na furahaaa!"

Watu walipiga miguu chini. Mtu aliangusha kiti. Yalikuwa yamebaki maneno ya mzee tu, na Redio aliyajua yote. Lakini alijua pia jukwaa. Maneno yale yalikuwa ya polepole, yangeupoza ukumbi, na ukumbi ulikuwa unachemka. Akainama, akapunga mkono, akashuka.

Ni kwenye ngazi ndipo alipomwona Mzee Kimya. Mzee hakuwa amekasirika. Alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya magoti, akilitazama jukwaa ambalo halikuwa na mtu. Alikuwa bado anasubiri.

Hapo Redio aliyakumbuka yale maneno. Aligeuka apande tena, lakini Mwalimu alikuwa ameshaita anayefuata, na anayefuata alikuwa Mzee Kimya.

Angeweza kukataa. Hakuna ambaye angemlaumu. Nusu ya ukumbi haikujua hata kama ana sauti. Lakini alikuwa amepewa kisa cha mtu, na alikuja kukifikisha. Alipanda taratibu, akashika kingo za suruali.

"M-m-mimi n-ni m-m-msusi."

Vijana wa dirishani walipasuka. Walidhani anamwiga Redio. Mzee akavumilia mpaka wakatulia, kisha akaendelea na sentensi ya pili, halafu ya tatu, na katikati ya hiyo ya tatu ukumbi ukaelewa. Ulielewa wote kwa pamoja. Kimya kilichoshuka kilikuwa kizito kiasi kwamba Redio, aliyekaa mwisho wa benchi, aliona watu wakitazama viatu vyao. Hakuthubutu kuitazama safu ya tatu.

Mzee aliusimulia mchana ule wote. Alimsuka yule mwanamke mstari kwa mstari, kwa maneno yaliyokwama na kukwamuka, na hakuna aliyekohoa. Redio alikuwa analisubiri sinki. Kwa mara ya kwanza aliona jinsi litakavyokuwa: kichwa chake ndani ya bakuli, maji, mabega yanayotikisika, na majirani wote wanaangalia. Akatamani sakafu ipasuke.

"N-nikamaliza," mzee alisema. "Zilikuwa n-nywele n-nzuri kuliko zote n-nilizowahi k-kusuka. N-nikamfungulia mlango. Nikarudi k-k-kazini."

Akashuka. Sinki hakulitaja. Alikuwa amelificha, yeye aliyeambiwa alikazie.

Makofi yalipigwa, ya adabu, yasiyojua yasimamie wapi. Mwalimu alikuja upande wa Redio. Alimpita tu, akaanza kupanga viti, na hilo lilimuuma kuliko kugombezwa.

Alitaka kutoka kimyakimya kwa mlango wa nyuma. Kwenye ujia mwembamba, kati ya viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na ukuta, alimkuta binti amesimama na mtoto, na mzee mbele yake. Njia ya kutokea ilipita katikati yao.

"Dada," binti alimwambia. Macho yalikuwa mekundu. "Kile kisa ulichosimulia. Kina mwisho?"

"Kina."

"Mbona hukuusema?"

Redio alitafuta sababu. Alizoea kuzikuta tele. "Watu walikuwa wanacheka," alisema.

Binti alitikisa kichwa, kama mtu anayepokea chenji pungufu na hana nguvu za kubishana. "Hata mimi nilicheka," alisema. "Niambie sasa."

Redio alifungua mdomo, na mzee akainua mkono. Haukuwa mkono wa hasira. Ulikuwa ule ule wa kuonyesha bei. Mashine haikuwepo, hapakuwa na hata feni ya kunguruma.

"M-m-m-mw..."

Redio alilijua neno. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi wake, zima, laini, na midomo yake ikaanza kwenda yenyewe kumsaidia. Akajiziba kwa kiganja.

"Sina haraka, baba," binti alisema, akamhamishia mtoto bega la pili.

"Mw-mwanangu."

Likatoka. Likafuata la pili. Kwenye "kufuli" alikwama pale pale, penye makofi ya vijana, akapiga mguu chini, akafumba jicho, na Redio, aliyebanwa na viti, asiye na pa kupita, alilazimika kusimama na kulisikia lote mpaka mwisho, k moja baada ya nyingine, bila mtu wa kucheka. Mzee alipofika kwenye kupiga hodi, binti alikuwa ameshaweka mkono ndani ya mkoba.

"Ninao," alisema. "Sijawahi kuutoa." Akampa mzee mtoto ambebe, na hakusema ataondoka saa ngapi.

Redio alipenya kando yao. "Nisamehe, mzee wangu," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimtoka mbaya, kama kitu asichokitumia siku nyingi.

Mzee alimtazama juu ya kichwa cha mtoto. "N-nenda, dada," alisema kwa upole, na upole huo ukammaliza.

Nje jua lilikuwa bado kali. Vijana wa pikipiki walikuwa kituoni, hatua chache kutoka kibanda cha mzee, na walipomwona wakashangilia.

"Redio! K-k-k-k-kufuli!"

"Acheni!" alipiga kelele. "Acheni, nimesema! Anakuja!"

Wakacheka zaidi. Walidhani ni mchezo. Mmoja akafumba jicho, akapiga mguu chini, akalikokota neno mpaka wenzake wakamhesabia, na mwingine akampokea, kisha mtoto wa jirani aliyekuwa anapita na mkate naye akajaribu.

Nyuma yake mlango wa ukumbi ulifunguliwa. Redio hakugeuka. Alisimama katikati ya njia huku "k-k-k" ikirushwa kutoka mdomo hadi mdomo. Hakuna kati yao aliyekuwa anamwiga Mzee Kimya. Mzee hakuongea hivyo. Ilikuwa ni sauti ya Redio, yenyewe kabisa, na ilikuwa inaelekea kibandani.