Kura ya Fundi Mapipa

Lemuel Harbison alikata roho asubuhi moja mwishoni mwa Machi, theluji ikiwa bado imeng'ang'ania kivulini mwa karakana yake. Keziah, mkewe, alimfumba macho, kisha akasimama akisikiliza. Tangu aolewe, nyundo ya mapipa ndiyo iliyomwamsha. Siku hiyo bonde lilikuwa kimya, na binti zake watatu walikuwa wakimtazama yeye.

Majirani walikuja na mikate ya mahindi na paja la nguruwe lililokaushwa. Hawakuzungumzia mapipa. Walizungumzia kura.

Zamani, katika jimbo la Virginia, Marekani, aliyepiga kura ni mwenye ardhi yake. Fundi au mpangaji, hata kama alipigana vitani, alikaa nje ya uzio akatazama. Kisha ikaja katiba mpya, ikampa haki kila mwanamume mzungu mwenye kaya anayelipa kodi ya serikali, hata akiwa amepanga. Nyumba ya akina Harbison ilikuwa ya Kanali Thornley, mwenye kinu cha unga, ambaye pia ndiye aliyenunua mapipa yao yote. Na mwaka huo Kanali aligombea ubunge. Kura zenyewe zilikuwa za mdomo. Unasimama mezani, unataja jina, umati unasikia, na mgombea aliyeketi hapo hapo anainuka kukushukuru.

"Mtaje tu, yaishe," Keziah alimsihi mumewe siku ya kura, wakiwa njiani. "Neno moja. Litakuua?"

"Mapipa nampelekea kila wiki, mama. Na sauti yangu nayo nimpelekee?"

"Na akitufukuza?"

"Tutahama. Miguu unayo, nimeiona."

"Usinichekeshe, Lemuel. Nina watoto mimi."

Mbele ya mahakama, palipopigiwa kura, Keziah alibaki kwenye gari la farasi. Karibu naye watumwa wa Kanali walikuwa wameshika farasi wa mabwana. Hakuna aliyewauliza neno, kama ambavyo hakuna aliyemuuliza yeye.

Lemuel alipofika mezani mtu akapiga kelele, "Mpeni nyundo huyo, bila nyundo hajui kusema!" Watu wakacheka.

Hapo Kanali akakosea. Wapangaji wake wote walikuwa wamemtaja asubuhi ile, naye akawa amezoea. Aliinuka kabla fundi hajafungua kinywa, akanyoosha mkono.

"Ahsante sana, Bwana Harbison. Sitakusahau."

Lemuel aliupokea ule mkono, akautikisa kwa adabu zote. Kisha akamgeukia sherifu, msimamizi wa kura. "Mimi namtaka Amos Rudisill, yule mwenye kiwanda cha ngozi."

Kicheko kikakatika. Kanali akaketi polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani.

Rudisill alishindwa. Mavuno hayajaisha, akina Harbison wakatolewa nyumbani. Lemuel alijenga kibanda cha magogo ng'ambo ya kijito, akakisimamisha kabla hata ya kutafuta mnunuzi mwingine wa mapipa, maana asiye na kaya hana kura. Mvua ilivuja juu ya vitanda. Keziah alimnunia majira yote ya baridi. Lakini Aprili, siku ya kura ilipofika tena, alimpigia pasi shati lake jeupe mwenyewe, bila kuombwa. Mwaka huo wapangaji wawili wa Kanali walitaja jina la Rudisill. Mwaka uliofuata walikuwa wengi zaidi.

"Siku hizi Kanali hainuki ovyo," jirani yao Jubal Crisman alisema siku ya mazishi, kofia mkononi. "Anangoja kwanza jina litajwe. Hata mimi, mwaka jana pale mezani, alinikodolea macho kama paka mlangoni pa panya!"

Watu wakacheka mle ndani, jeneza likiwa mezani. Keziah alicheka nao, na machozi yakamjia humo humo katika kicheko. Kumbe mwanamume huyu, aliyeogopa hata kuomba chumvi kwa jirani, aliogopwa na Kanali.

Uchaguzi ni Alhamisi ijayo. Katika kaya ya Harbison wamo wanawake wanne, kodi imelipwa, na hakuna mwenye kura.