Binti wa Kilonzo Jukwaani

Siku mkanda wa mashine ya posho ulipomkamata Ndululu, Mutindi alikuwa mlangoni akipokea madebe ya mahindi. Alimwona akivutwa mkono, bega likafuata, kisha kichwa kikagonga gurudumu la chuma mara tatu kabla baba yake Mutindi, mzee Jonah Kilonzo mwenye mashine, hajaifikia injini kuizima. Damu iliruka hadi kwenye unga. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walitimka mbio, halafu wengine wakarudi kuchukua madebe yao, maana ilikuwa 1984 na Matinyani yote ilikuwa na njaa.

Muda mfupi kabla ya hapo Ndululu alikuwa ameomba injini izimwe kwa sababu mkanda ulikuwa unatoka.

"Usizime," Kilonzo alimwambia. "Huoni watu wanangoja? Urudishe hivyo hivyo."

Mutindi alisikia kila neno. Lakini polisi walipofika, baba yake alisema marehemu alikuwa amelewa, na Mutindi, mwalimu wa shule ya msingi, akatia sahihi kwamba alisikia harufu ya pombe. Kilonzo alikuwa mzee wa kanisa na Ndululu kibarua tu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi. Mchungaji alikataa kumzika mlevi. Mjane wake, Kalunde, akisaidiwa na shemeji zake, alimzika bila maombi, na wiki haikuisha kabla Kilonzo hajamfukuza pamoja na watoto wake watatu kutoka chumba walichokuwa wakiishi nyuma ya duka lake.

Miezi minne baadaye vijana wa kanisa walitunga mchezo wa kuigiza ili kuchangisha pesa za mabati ya paa la kanisa. Tajiri anamfukuza mtumishi mgonjwa, mtumishi anafia barabarani, tajiri anatubu, watu wanaimba. Mutindi akapewa nafasi ya binti wa tajiri.

Jumamosi mchana kanisa lilijaa. Kilonzo alikaa mbele, mgeni wa heshima. Kalunde alisimama karibu na mlango.

Kijana aitwaye Muli, aliyevaa koti la tajiri, aliuonyesha mwili uliofunikwa shuka. "Kosa langu liko wapi? Ulevi wake ndio umemuua!"

Hapo Mutindi alitakiwa kusema, "Baba, tumwombee." Mkono wa yule mwigizaji ulikuwa umetokeza nje ya shuka, na hakuweza kuacha kuutazama. Akamgeuzia Muli mgongo, akaangalia kiti cha mbele.

"Nau," alimwita baba yake kwa Kikamba, "Ndululu hakuwa amelewa. Alikuomba uzime injini ukakataa. Na mimi nikadanganya polisi."

Watu walidhani ni mchezo. Mtu mmoja alipiga makofi, akaacha ghafla alipomwona Kilonzo akipanda jukwaani na fimbo yake.

"Nimekusomesha unitukane mbele ya watu?"

Fimbo ya kwanza ilitua begani, ya pili ikampata mdomoni. Mutindi alianguka akitema damu na meno mawili. Muli alijaribu kuishika ile fimbo, akapigwa teke la tumbo. Ndipo Kalunde alipopita katikati ya watu, akainua kiti cha mbao, akakivunja mgongoni mwa Kilonzo.

Kanisa lililipuka kwa hasira. Watu walimburuta Kilonzo nje, wakampiga mateke na mawe, mguu wake ukavunjika. Mutindi alitambaa hadi alipokuwa baba yake, akamlalia ili wasimmalize.

"Toka juu yangu!" Kilonzo alimsukuma. "Wewe si mtoto wangu."

Umati ulikuwa umeshakimbilia kwenye mashine yake ya posho. Kalunde alinyakua nyundo, akaipiga injini hadi ikapasuka na dizeli ikamlowesha miguu. Kuanzia siku hiyo wanawake walibeba mahindi hadi Kitui mjini kusagiwa, na wengi wao walimlaani yeye na Mutindi pamoja.

Mutindi alikwenda kituo cha polisi na mdomo uliovimba. Askari alimwonya kwamba kubadilisha maneno kungemponza. Akabadilisha. Alifutwa kazi, lakini kesi ya kifo cha Ndululu haikufika popote. Kilonzo alifungwa miezi mitatu kwa kumpiga binti yake. Kalunde alifungwa mwaka mmoja kwa kuharibu injini.

Mwaka huo wote Mutindi alikaa na wale watoto watatu kwenye kibanda cha mama yao, akilima mashamba ya watu ili wapate kula. Kiema, mkubwa wao, hakumsemesha kwa miezi miwili.

Kalunde alipotoka gerezani, aliwakuta watoto uani. Aliwashika mmoja mmoja mikono na mashavu, akaona wamekula. Kisha akamtazama Mutindi aliyesimama na jembe.

"Umenilelea wanangu, asante," alisema. "Sasa nenda. Siwezi kukuona kila asubuhi."

Mutindi aliegemeza jembe ukutani, akaingia ndani kukunja nguo zake.