Feni ya Bure

Kompyuta ilizimika tena, mara ya nne tangu asubuhi. Paa la nyumba kwenye mchoro wa Shangazi lilikuwa limefika nusu tu, skrini ikawa nyeusi tii.

"Si hiyo!" Shangazi alipiga meza. "Feni ya bure! Kitu cha kupoza prosesa kimetupiwa ndani ya boksi lake kama peremende ya chenji, nawe unaniambia kinatosha."

Mpwa wake, fundi aliyeiunganisha kompyuta ile wiki iliyopita, alitikisa kichwa. "Kwa prosesa hii kinatosha, shangazi. Wewe unachora ramani za nyumba, huyeyushi chuma."

"Mwambie mteja hivyo. Saa nane anataka picha, la sivyo kazi anampa mtu mwingine."

Ilikuwa saa saba na robo. Fundi aliilaza kompyuta ubavu, akafungua kifuniko. Feni ilikuwa nzima, haina hata vumbi, lakini pembeni yake moto ulikuwa wa kuunguza kidole. Akalegeza skrubu nne, akaing'oa. Kitako cha feni kiling'aa kama sufuria iliyosuguliwa.

"Shangazi, hapa palikuwa na dawa."

"Dawa gani?"

"Ute wa kijivu. Unapakwa kiwandani. Ndio unaotoa joto kwenye prosesa na kulipeleka kwenye feni."

"Ule uchafu? Niliufuta mimi siku ile unaiunganisha, ulipotoka kupokea simu. Si ulisema kila kitu kiwe safi? Nilitumia pamba na spiriti."

Fundi alishika feni mkononi. Ilikuwa rahisi kusema uchafu ule haukuwa na neno, feni ndiyo mbovu, tununue kubwa. Shangazi angeepuka aibu, naye pia. Lakini shangazi angeuamini uongo huo maisha yake yote, na kila atakayemuuliza angemlisha uongo uleule.

"Ule ndio uliokuwa dawa yenyewe," alisema. "Na mimi nilifunga bila kutazama. Kosa ni letu wawili. Feni haina hatia."

Alitoa mkebe wake wa vifaa, akapaka juu ya prosesa tone la dawa dogo kama punje ya mchele, akafunga, akawasha. Joto lilipanda hadi nyuzi sabini, likatulia hapo. Paa likakamilika, yakafuata madirisha, zikafuata ngazi, polepole mno. Picha ilitumwa saa nane na dakika kumi na mbili.

Jibu halikukawia: "Asante dada. Kazi nimeshampa mwenzako."

Feni iliendelea kuvuma taratibu. Shangazi aliitazama nyumba yake, nzima, haikupungua hata tofali.

"Na wiki nzima nimekutukana wewe na feni yako."

"Yamepita, shangazi."

"Kwangu hayajapita." Alisogeza kiti, akampisha. "Kaa hapa. Nionyeshe vitu vingine ambavyo sipaswi kuvifuta."