Ufunguo wa Mashine ya Kupasua Mawe

Miezi minane nilikuwa nimekwama kwenye kilima kimoja juu ya Rubaya, na aliyenikwamisha ni mashine niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Mjinga ni mimi. Makopo manane ya kuhifadhi umeme yanajazwa polepole na jenereta, kisha yanautoa wote kwa mpigo mmoja ndani ya pipa la maji, na jiwe linapasuka bila baruti. Patron Magloire, mwenye machimbo, alipoona jiwe la kwanza likipasuka alinikumbatia, kisha akawaambia walinzi wa bariera ya njiani wasinipitishe tena.

Sheria ya usalama niliitunga mwenyewe: ufunguo ni mmoja, na anayeigusa mashine anauvaa shingoni, ili mwingine asiiwashe. Patron akaigeuza kuwa sheria yake.

"Darius, mwenye iko na ufunguo njo anabakia hapa," aliniambia. "Leta muntu wa kukuremplasa, akamate fasi yako, utaenda kwako."

Kwangu ni Pinga, kwa mke wangu Pétronille. Nikamleta Victorine, mwalimu wa fizikia kutoka Kashebere, ambaye shule yake ilikuwa imefungwa. Lile sharti sikumwambia, niliogopa atakataa. Kwa kuwa hakuwa na ufunguo, kila Jumamosi walimruhusu kurudi kwa watoto wake watatu. Jumatatu alikuja na maharagwe yangu na maswali ya kunipasua kichwa.

Siku ya majaribio nilimvalisha ufunguo mbele ya Patron. Alijaza umeme, akafyatua, jiwe likagawanyika. Hapo ndipo watu hufa, maana makopo huweza kujirudishia umeme hata yakishautoa. Victorine alichukua fimbo yenye ndoano ya shaba, ile ya kumwaga ardhini umeme uliobaki, akayagusa yote, akaiacha fimbo ikining'inia palepale, ndipo akasogea. Mimi mwenyewe sijawahi kufanya vizuri namna ile.

Patron akaniuliza kama anaweza. Begi langu lilikuwa tayari juu ya pikipiki. Nikautazama ule uzi wa ufunguo shingoni mwa Victorine, nikawakumbuka watoto wake watatu, nikaona aibu.

"Hawezi, Patron. Huyu mama ataua muntu. Mumurudishe kwake leo."

"Nilikosea fasi gani, kaka Darius?"

Nilinyoosha mkono anirudishie ufunguo. Aliuweka ufunguo juu ya pipa, si mkononi mwangu, walinzi wakashusha begi langu, naye akapanda pikipiki bila kuniaga.

Nasikia huko Kashebere ananiita mwanaume mwenye wivu. Aendelee tu kuniita.