Sahihi Kwenye Bawa

Mzee Haggai Mwadime hakuwa na shahada, hakuwa na gari, hakuwa na mjomba serikalini, na meno ya upande wa kushoto yalikwisha kumuaga. Kiingereza cha vitabu vya injini alikipata ukubwani, katika darasa la jioni, akiwa amebanwa kati ya wauza mboga na askari polisi. Lakini kwa miaka thelathini na mmoja katika karakana ya Shirika la Ndege la Mwewe, kitu kimoja hakikumpungukia: hakuwahi kuweka sahihi juu ya kazi ambayo jicho lake halikuiona. Siku ile nacho kikamponyoka.

Mwewe lilikuwa limefilisika, na Shirika la Korongo lilikuwa tayari kulimeza. Asubuhi hiyo, Mwadime akitoka zamu, mfilisi aliyewekwa na mahakama alimwita kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi, akamwekea mkataba mezani. Wenye miaka kumi kazini na zaidi wangevuka na miaka yao yote. Waliopungukiwa, hata kwa mwezi mmoja, wangeanza upya kama vibarua. "Ukiitisha mkutano, mzee wangu, watapiga kelele na Korongo watajitoa," mfilisi alisema. "Saa kumi naufikisha mahakamani. Okoa wakongwe wenzako." Mwadime alifikiri kwamba wanachama wangemwelewa baadaye, akatia sahihi bila kumuuliza hata mmoja. Alifika nyumbani, akakataa chai, akajilaza na viatu miguuni, na usingizi ukamchukua kama mtu aliyesukumwa.

Akajiona amesimama kwenye uwanja wa ndege usio na mwisho, nyasi zimepasua lami, na jua liko juu lakini halina joto. Ajuza mmoja alikuwa akimjia kwa mwendo wa kuchechemea, vumbi limemfika magotini. "Shikamoo, mama," Mwadime akamwamkia. "Marahaba. Mimi ni Majuto. Watu huniita mjukuu kwa sababu nafika mwisho, lakini tazama safari zilivyonizeesha. Kwako leo nimejitahidi kuwahi. Twende, na usiniulize mambo ambayo macho yako yatakujibu." Wakaenda mpaka penye lango, na langoni walisimama mabwana wawili waliofanana kama pacha. Mmoja, Hofu, alikuwa akihesabu vidole vyake na kuviona vimepungua kila mara. Mwenzake, Kiburi, alivaa sare iliyopigwa pasi hadi ikalia, akamkumbatia Mwadime. "Nguzo yetu hiyo! Mkutano wa nini? Wale watoto wa juzi wanajua nini? Wewe ukisema, chama kimesema." Mwadime alisikia maneno hayo yakimwingia vizuri kama uji wa moto, kisha akaona haya, kwa maana alitambua kwamba ndiyo aliyojiambia mwenyewe asubuhi mbele ya mfilisi.

Ndani ya lango ilikuwapo ndege moja kubwa iliyoungwa kwa ndege mbili, nusu rangi ya Mwewe na nusu rangi ya Korongo, na wakongwe wote wa karakana walikwisha kukaa ndani, wamefunga mikanda, wakimpungia. Kiti cha mbele kabisa kilikuwa chake. Lakini fundi ni fundi hata ndotoni. Kabla ya kupanda akaizunguka, akipapasa bati kwa kiganja. Chini ya bawa aliona tundu, halafu jingine, halafu safu nzima za matundu palipostahili kuwa na ribiti, vile vijisumari butu vinavyoshika bati. Bawa lilikuwa likipumua. "Nani amepitisha ndege hii?" akafoka. Majuto akanyoosha kidole: pale kwenye bawa, kwa wino mbichi, palikuwa na sahihi yake.

Kicheko kikatoka nyasini. Walikuwa wameketi huko kwa mamia, kila mmoja na ribiti yake mkononi, na mbele yao Mghoi, mpakia mizigo wa miaka tisa na miezi kumi. "Panda basi, mwenyekiti!" akamwita. "Kiti kisipoe. Au unaogopa kuruka na kazi ya mikono yako?"

"Mghoi, nilitaka kuwaokoa walau wengine."

"Ungetuuliza, baba. Huenda tungekubali. Sasa hatutajua kamwe."

Mwadime akamgeukia ajuza. "Na Haki yuko wapi? Mbona simwoni ndani wala nje?"

"Alirudishwa langoni," Majuto akasema. "Hakuwa na miaka kumi." Kisha akamshika kiwiko. "Sikiliza. Anayegawa watu ili wavuke, hukuta ng'ambo amevuka na kisu. Mimi sina dawa ya jana. Nina saa moja na nusu tu ya leo." Injini zikawaka, bawa likalia, Mwadime akapiga kelele.

Alipofumbua macho ilikuwa saa nane na nusu. Mkewe, Mama Wakesho, alikuwa amesimama mlangoni. Mwadime alimweleza yote, na kwamba sahihi ile ataiondoa, naye mke akamuuliza:

"Ukiiondoa sahihi, na wewe si utaanguka?"

"Nikianguka, nitaanguka pamoja na wenzangu, wote wakiwa wameulizwa. Leta karatasi."

Akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka: kwamba sahihi aliyotia asubuhi haikuwa ya wanachama, kwamba anaiondoa hadi mkutano wa wote ufanyike, kwamba kosa ni lake, si la chama. Neno kosa akalirudia kulikoleza. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, basi Mama Wakesho akachovya kidole kwenye ugali wa sufuriani, akaibandika. Mwenye bodaboda wa jirani akaitia kifuani. "Mahakamani, kabla ya saa kumi," Mwadime akamwambia. "Na hata ukichelewa, waachie barua vilevile."