Kidole cha Mheshimiwa

Mzee Velayudham alipofika mwisho wa mstari wake wa kwanza, aliinua mkono wa kushoto akakizaba kibao cha haja kioo cha kompyuta. Kioo kikayumba, kikageuka, kikamkodolea macho Mariadoss aliyekaa jirani.

"Kimekukosea nini, kaka?" Mariadoss akauliza.

"Sijakipiga. Nimerudisha karatasi."

Hakudanganya. Tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, kazi yake ilikuwa kupiga taipu. Mstari ukiisha kengele hulia, nawe unausukuma mtambo kwa mkono wa kushoto ili karatasi irudi mwanzo. Hapa kengele hakuna, lakini masikioni mwake ililia vilevile, na mkono ukaenda zake bila kumuuliza.

Mwalimu Kanmani, binti mwembamba wa miwani, akaja akakirudisha kioo mahali pake.

"Babu, hapa mstari unajigeuza wenyewe. Wewe andika tu."

"Wenyewe? Nani kauamuru?"

"Hakuna. Ndivyo programu ilivyotengenezwa."

"Hapo ndipo ninapoogopa, mwalimu. Kitu kinachokwenda bila mtu wa kuulizwa, mwisho wake kinakuwa ofisi ya serikali."

Darasa likacheka. Walikuwa wapiga taipu wa barazani wote, wazee watupu, wale wanaokaa nje ya ofisi ya ardhi ya mji wa Pudukkulam wakiwaandikia watu maombi ya viwanja, ya mchele wa mgawo, ya pensheni za wajane. Hawakuja darasani kwa kupenda. Mkuu wa ofisi, Mheshimiwa Pattabiraman, alikuwa ametangaza kwamba zama za taipu zimekwisha, na atakayeshindwa mtihani wa kompyuta siku ya mwisho ya sikukuu ya vyombo vya kazi, achukue meza yake aondoke barazani.

Maendeleo, alisema Mheshimiwa. Lakini dereva wake ana mdomo mwepesi, na baraza zima lilishajua kwamba lile gari jipya jeupe linaungua jua kila mchana, na kwamba kivuli kizuri katika kiwanja cha ofisi ni kimoja tu, cha barazani. Mafundi walikwisha kuja na kamba zao kupima. Walikuwa wabomoe kizingiti, wapake nguzo rangi, gari liingie.

Nguzo moja, ya mwisho, ndiyo iliyomnyima Velayudham usingizi. Mkewe, Pechiammal, alikaa chini ya nguzo ile miaka yao yote ya kazi. Yeye ndiye aliyesoma shule kidogo. Watu walileta makaratasi yao yenye mwandiko wa kuku, Pechiammal akasoma kwa sauti, mumewe akapiga. Kati ya barua na barua alitafuna tambuu, na kila akishapaka chokaa kwenye jani, kidole alikipangusa kwenye nguzo. Alama zile nyeupe zilipandana, zikawa nene kama magamba. Alipougua, Velayudham alimpigia ombi la matibabu, ombi safi lisilo na herufi moja iliyofutwa. Likapanda juu. Wakubwa wakalikalia. Jibu lilikuja majivu ya Pechiammal yameshakwenda mtoni: mwombaji alete picha zake mpya.

Tangu hapo mzee hakumwamini mtu yeyote mwenye feni mezani.

Basi akasoma, kwa hasira. Akajifunza kwamba ubao wa herufi unaitwa kibodi, na zile herufi ziko palepale zilipokuwa kwenye taipu, jambo lililompa moyo kidogo. Akajifunza kwamba kile kidude chenye mkia ni kipanya, na kwamba ukikisukuma mezani, kishale nacho kinatembea kiooni. Kishale chake kilikuwa hakitulii. Kilikimbilia pembeni kikapotea, naye akakitafuta akiwa ameinama kama mtu aliyedondosha sindano.

"Na hili?"

"Hilo dirisha, babu."

"Upepo unapita?"

"Haupiti."

"Basi wametuibia."

Kilichomshangaza kuliko vyote kilikuwa kitufe cha kutendua. Kanmani alimwonyesha: umeandika upuuzi, unabonyeza, upuuzi unaondoka, unabonyeza tena, na ule wa kabla yake unaondoka. Mzee akakigusa kitufe kwa ncha ya kidole.

"Kinarudi nyuma mpaka wapi?"

"Mpaka pale ulipofungua faili."

"Ahaa," akasema. "Basi hakifiki mbali."

Sikukuu ikikaribia, bado alikuwa anakizaba kioo. Kanmani alikwisha kukifunga kwa kamba. Mariadoss, ambaye yeye alikuwa tayari anakata na kubandika kama fundi nguo, akamwambia kando:

"Kaka, kwa mwendo huu utafeli. Nenda kamwangukie mkubwa."

"Nimwangukie nani?"

"Mwangukie tu. Magoti yako yamezeeka, yatashukuru kupumzika."

Akaenda. Mheshimiwa Pattabiraman alikuwa nyuma ya meza pana, na karani amesimama kando kama mwavuli. Velayudham akaeleza haja yake: yeye ni mzee, vidole vimeshika mazoea, aongezewe muda.

"Serikali haiwezi kumngoja mtu mmoja mmoja, mzee," Mheshimiwa akasema bila kuinua macho. "Mimi mwenyewe kazi zangu zote ni kwa kompyuta." Akaipapasa ile iliyokuwa mezani pake, kama mtu anavyompapasa ng'ombe wa jirani.

Velayudham akaitazama. Kila mwaka, siku ya sikukuu ya vyombo vya kazi, mji mzima huvipumzisha vyombo vyake. Jembe, cherehani, lori, mizani, vyote huoshwa, vikapakwa tone la msandali uliosagwa na doa la unga mwekundu, vikavikwa maua mbele ya mungu wa kike wa elimu, Saraswati, na mtu havigusi mpaka kesho yake, siku ya mwisho, ambayo watoto huanzishwa masomo. Kompyuta nazo hupakwa. Sasa juu ya kitufe cha kuiwashia ile ya Mheshimiwa kulikuwa na tone la msandali la mwaka jana, limekauka, lakini zima kabisa, bila alama ya kidole. Na katikati ya kibodi, tone jingine, na ua la manjano la marigodi lililonyauka likawa kama mdudu.

Mwaka mzima hakuna aliyeigusa.

Mzee akainamisha kichwa, maana uso ulikuwa unataka kumtia aibu kwa kucheka.

"Mheshimiwa amesema kweli," akasema kwa upole. "Sasa nina ombi jingine, dogo. Mtihani wetu umeangukia siku ya kuanzia masomo. Itapendeza mkubwa kama wewe aje atufungulie. Na mwandishi wa gazeti aalikwe, apige picha."

Hapo Mheshimiwa akainua macho.

"Wa gazeti, ee?" Akamgeukia karani. "Andika."

Usiku wa kupumzisha vyombo, Velayudham alijitolea kuzipamba kompyuta za darasa. Kanmani akafurahi, akadhani mzee amepatana na mashine. Boga lenye unga mwekundu likapasuliwa mlangoni kufukuza husuda, wakala dengu za nazi na bisi za mchele na sukari guru, na mzee akabaki na bakuli lake la msandali. Mashine ya mbele, ile ya karibu na taa ya mafuta ya kufungulia sherehe, aliipamba kwa ukarimu wa pekee. Kila kitufe kikapata tone lake. Hapakubaki herufi inayosomeka.

"Kaka," Mariadoss akanong'ona, "hii ni ibada au uhalifu?"

"Shika bakuli."

Kulipokucha, ukumbi ukajaa. Mheshimiwa akaja amevaa shati linalolia kwa wanga, akawasha taa, akazungumza juu ya maendeleo mpaka dengu zikapoa. Alipomaliza akageukia mlango. Velayudham alikuwa amesimama hapo hapo na sinia la shaba: majani ya tambuu, popoo, ndizi, nazi.

"Mheshimiwa, bado kidogo. Siku ya leo hakuna mkono wa mwanafunzi unaogusa chombo kabla ya mkono wa mkubwa. Tuandikie neno moja tu, utubariki."

Wazee wakanung'unika kwa kukubali. Yule wa gazeti akasogea, kamera mkononi.

Mheshimiwa akamtafuta karani kwa macho. Karani alikuwa ukutani, mdomo umejaa dengu, hana msaada. Kiti kikavutwa. Mheshimiwa akakaa.

Akaitazama kibodi, na kibodi ikamtazama kwa madoa yake ya manjano. Kidole chake kikapanda juu, kikazunguka hewani kama mwewe aliyepoteza kifaranga.

"Haijawashwa," akasema mwishowe.

"Imewashwa, Mheshimiwa," Kanmani akajibu kwa heshima. "Kioo kimesinzia tu. Sogeza kipanya."

Mheshimiwa akakiinua kipanya, akakielekeza kwenye kioo kama anayebadilisha stesheni ya televisheni. Akabonyeza. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Nyuma kabisa mtu mmoja alikohoa, na kikohozi kile kikaambukiza safu nzima.

Velayudham akaweka sinia chini. Akaenda akasimama nyuma ya kiti, akainama, akakishika kidole cha shahada cha Mheshimiwa, kama mzee anavyoshika kidole cha mtoto siku hiyohiyo ya kuanzia masomo, akimwandikisha herufi ya kwanza kwenye sinia la mchele.

"Usiogope," akamwambia, si kwa sauti ndogo. "Siku ya kwanza wote huogopa. Mimi mwenyewe mpaka leo."

Akakishusha kidole kwenye kitufe. Wala mzee hakujua ni kitufe gani. Msandali alioupaka mwenyewe ulimpotezea njia. Na kwa kuwa alizoea taipu, alikikandamiza kidole asikiachie, na herufi ile moja ikatoka mbio kiooni, mstari mzima, na mstari ukajigeuza wenyewe, ukaanza mwingine. Velayudham alipouona mwisho wa mstari, kengele ikalia masikioni. Mkono wa kushoto ukaruka. Kioo hakikuwa na kamba siku hiyo. Kikapokea kibao, kikageuka barabara kuikabili kamera, na hapo ndipo yule wa gazeti alipopiga picha: kioo kimejaa herufi moja, Mheshimiwa ametoa macho, na kidole chake kimo ndani ya kiganja cha mpiga taipu.

Makofi yakapigwa. Wazee walipiga makofi kama ambao hawajawahi kuona maendeleo.

"Basi Mheshimiwa amepata mwalimu," Mariadoss akasema kutoka nyuma, uso wake safi kama wa mtoto wa kwaya. "Mimi Mkristo, sijui kwenu Wahindu inakuwaje. Mwalimu hapewi chochote?"

Kila mtu pale alijua inakuwaje. Aliyekushika kidole siku ile ni mwalimu wako mpaka kufa, na zawadi atakayoitaja siku ile hainyimwi; kumnyima ni kujifungia mlango wa elimu wewe na wanao. Mheshimiwa akacheka kicheko chembamba, akatia mkono mfukoni.

Velayudham akalifunika sinia kwa kiganja.

"Pesa sitaki."

Yule wa gazeti akatoa kalamu.

"Nataka kivuli cha barazani. Tubaki pale, tuliofaulu na tuliofeli, na taipu zetu na kompyuta zetu. Na nguzo ya mwisho isipakwe rangi."

Mheshimiwa akaitazama kalamu, akaitazama kamera. Watu wa namna yake wana kipaji hicho. Hata mlangoni pa aibu hupata pa kupenya.

"Nani aliyesema mtaondoka?" akauliza, kama anayewashangaa. "Baraza ni la wananchi. Nimelisema siku zote." Kisha akashusha sauti. "Nguzo gani?"

"Yenye chokaa."

"Ile chafu?"

"Hiyo hiyo."

"Haya. Isipakwe."

Velayudham akampa Mheshimiwa sinia, maana mwanafunzi ndiye aliyetakiwa kumletea mwalimu wake, na hakuja na kitu. Mheshimiwa akalipokea, akaligeuza, akalirudisha kwa mikono miwili mbele ya watu wote, na kichwa akakiinamisha kidogo. Kidogo sana, lakini watu walikiona.

Mtihani ukafanywa. Velayudham akafeli. Alipoulizwa tofauti ya kunakili na kukata, alijibu kwamba kunakili ni kuchukua sura ya kitu na kukiacha chenyewe mahali pake, na kukata ni kazi ya ofisi hii. Kanmani alimpa alama kwa hilo. Lakini barua aliyoandika ilipotea yote, kwa sababu alipokuwa anafunga, mashine ilimuuliza kama anataka kuihifadhi, naye akaijibu "Ndiyo" kwa mdomo, akakaa akingoja.

"Ilibidi ubonyeze, babu."

"Iliuliza, nikajibu. Kama haisikii, isiulize."

Gari jeupe sasa linakaa chini ya mwarobaini, na kunguru wa mwarobaini ule hawana adabu. Velayudham yuko mahali pake, taipu mbele, kigoda cha Pechiammal kando, nguzo na magamba yake. Jioni anakwenda kwa Kanmani kurudia masomo. Kioo kimefungwa kamba mpya.

Wiki moja baadaye, wakati wa chakula, baraza likiwa tupu, Mheshimiwa alitoka kwa mlango wa nyuma, akatazama huku na huku, akaja akasimama karibu na nguzo. Mkononi alikuwa na majani ya tambuu yaliyofungwa kwa uzi.

"Mwalimu," akasema, na neno lilimtoka kama mfupa. "Ile ya kunakili. Unabonyeza nini?"

Mzee hakujua. Akachukua jani, akalipaka chokaa bila haraka.

"Unabonyeza," akasema, "halafu unangoja."

"Nangoja nini?"

"Jibu, Mheshimiwa. Litakuja." Akalikunja jani, akalitia mdomoni, na kidole akakipangusa kwenye nguzo. "Sisi huku nje ndivyo tunavyofanya."